Dirisha la Mpakani

Mzee Mwinshehe, mwenye nyumba wetu hapa Mbagala, ana ngazi moja na sheria moja. Ngazi ni ya mbao, ameitundika kwenye ukuta wa uani. Sheria haijaandikwa popote, lakini kila mpangaji husomewa siku ya kukabidhiwa ufunguo, tena kwa kidole kilichonyooshwa: kitu kikiharibika, ukikifikia kwa mkono umesimama chini, ni chako wewe mpangaji, kikihitaji ngazi, ni chake yeye. Koki, kitasa, soketi, hivyo vyako. Bati, dari, taa ya koridoni, hivyo vyake. Nimekaa kwake miaka tisa, na sijaona sheria ya nyumba ya kupanga iliyo nyepesi kuelewa kama hiyo, wala iliyonipandisha presha kama hiyo.

Presha ilitokana na dirisha. Dirisha la chumba cha mama lilikuwa la mbao, ubao mmoja mrefu unaofungukia uani, na lilishikwa na bawaba mbili. Ya chini inanifika kiunoni. Ya juu, hata nisimame kwa ncha za vidole, siigusi. Masika yalipoanza upepo ulilibamiza mchana kutwa, na jioni nikalikuta linaning'inia.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia uani, maana hata ugomvi una utaratibu wake.

"Marahaba, Felista. Bawaba ya chini ndiyo iliyotangulia kulegea. Ungeikaza mapema, ya juu isingekatika."

"Ya juu ndiyo iliyotangulia, mzee. Ungeleta ngazi mapema, ya chini isingelegea."

"Mie niko kwenye nyumba hii tangu hujazaliwa."

"Na bawaba nazo ziko humo tangu sijazaliwa, ndiyo maana zimeoza."

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na hivyo ndivyo tulivyoendelea mpaka mwezi wa saba. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye baraza la mbele. Jina langu la ubatizo ni Felicitas, lakini Dar wameshanipunguzia. Nina mdomo, sikatai. Mzee Mwinshehe naye anao, ila wake anaupamba kwa kanzu safi na sauti ya chini, na hapo ndipo anaponiudhi zaidi.

Lakini kilichoniuma si dirisha. Kilichoniuma alikuwa amelala chini yake. Mama yangu, Margareta, aliletwa kwangu mwezi wa pili kutoka Mbinga, baada ya kiharusi kumpiga shambani kwake, kati ya mibuni yake mwenyewe. Mkono na mguu wa kushoto vilikuwa vimelala. Mdogo wangu Edgar ndiye aliyemsindikiza, tukakubaliana akae miezi sita kwangu, miezi sita kwake. Siku za mwanzo alikuwa anaongea, tena anacheka na wateja wangu kupitia ukutani. Wiki ya tatu akanyamaza. Hakusema tena hata "maji". Uji alikuwa anakunywa vijiko vitatu, cha nne anafumba mdomo, na alikuwa anapungua mpaka nikawa namgeuza kitandani kwa mkono mmoja.

Daktari alimwangalia ulimi, akamwangalia koo, akaniita pembeni. "Ulimi hauna kasoro," alisema. "Ataongea akitaka. Ila asipokula, hatutakuwa na muda wa kusubiri atake."

Nilitaka neno moja tu kutoka kwa mama, hata liwe la kunitukana.

Mwezi wa saba lile dirisha lilidondoka kabisa. Jirani mmoja alituonea huruma, akatuitia fundi seremala anaitwa Kasimiri, kijana wa maneno machache na penseli sikioni. Alikuja Jumamosi asubuhi. Akautazama ubao ulioanguka, akasema mchwa wameshamaliza kazi yao, dirisha jipya litachukua muda. Kwa sasa angetuwekea kipande cha plaiwudi, akitoboe matundu, afunge komeo, ili liwe linafunguka. Akagongomelea plaiwudi kwa misumari ya muda. Akashika drili, akatoboa tundu la kwanza. Kisha akaizima na kuuliza swali la kawaida kabisa.

"Kazi hii ni ya nani?"

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa miguu ya kitanda, Mzee Mwinshehe mlangoni. Chumba kile ni chembamba, kitanda kimekaa chini ya dirisha kwa sababu hakuna kwingine kinakoenea, kwa hiyo kila neno tulilorushiana lilipita juu ya kichwa cha mama. Mimi nikasema ya mzee. Mzee akasema ya Felista. Tukarudi masika, tukarudi kwenye upepo, tukarudi kwa bawaba ipi ilitangulia. Nilipiga kofi ukutani. Yeye alinyoosha kile kidole chake. Kasimiri alitusikiliza kwa adabu kwa dakika kadhaa, akakunja waya wa drili yake.

"Mkielewana mnipigie," alisema, akaenda zake.

Tukabaki na plaiwudi isiyofunguka, yenye tundu moja la upana wa kidole cha mwisho. Chumba kikawa giza mchana. Taa mama alikuwa haipendi, ukiiwasha anafumba macho, basi nikawa namwachia giza lake na mlango naurudishia ili kuku wasiingie.

Jumatatu saa tatu asubuhi niliingia na uji. Jua la nje lilikuwa bado machoni mwangu, sioni kitu. Nikapapasa ukingo wa kitanda, nikaketi.

"Wanatembea kwa vichwa," mama alisema.

Sauti ilikuwa yake, kavu kidogo, lakini yake. Furaha ilinijia pamoja na hofu, kwa sababu neno lenyewe ndilo hilo, na nilidhani sasa ugonjwa umepanda kichwani.

"Nani, mama?"

Alinyanyua mkono wake mzima akaonyesha ukuta ulio mbele yake. Macho yangu yakazoea giza taratibu, na nikaona.

Ua wetu wote ulikuwa ukutani. Ulikuwa umepinduka, juu chini, lakini ni wenyewe, na rangi zake. Kule karibu na dari kulikuwa na mchanga wa uani na kuku wakidonoa. Nguo za wapangaji zilisimama kwenye kamba zikielekea juu, na upepo ulipopita ziliyumba polepole. Mtoto wa chumba cha nne alikatiza na ndoo, nyayo zake juu, kichwa chake chini, na hakumwaga hata tone. Sauti zao zilitoka nyuma yetu, dirishani; wenyewe walikuwa mbele yetu, kimya, wepesi.

Mimi si mtu wa maajabu. Nimefika kidato cha nne, na mwalimu wa fizikia alituchorea jambo hili ubaoni, mishale miwili inakatana kwenye tundu, nami nikaichora kwenye daftari, nikapata maksi zangu, nikasahau. Hakuna aliyeniambia kwamba mishale ile ikiwa watu inakuwa hivi. Nilikaa pale mpaka uji ukapoa.

"Na kule chini?" mama aliuliza. "Unaona kule chini?"

Pale ukuta unapokutana na sakafu palikuwa na anga. Ilikuwa imetandaa bluu tupu, na mawingu mawili yakielea.

"Ziwa," alisema.

Nilijua analosema. Ukiteremka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay kuna kona ambapo Ziwa Nyasa linakutokea chini yako bila taarifa, na kwa muda hujui kama unatazama maji au mbingu. Nilipokuwa mdogo mama alinipitisha pale kwa miguu, tukakaa kwenye jiwe tukala viazi. Nilimnywesha uji huku tukitazama ziwa lile la Mbagala. Alikunywa kikombe chote.

Tangu siku hiyo asubuhi zetu zilibadilika. Picha ilikuwa inaanza kuiva saa tatu, jua likishapita juu ya bati na kumulika ua wote, na inafifia saa saba. Saa zile ndizo alizokuwa anakula. Nilikuwa nashona alfajiri na jioni, na katikati naacha cherehani na marinda ya watoto wa watu, naingia gizani, napanda kitandani, nalala ubavuni kwake. Kuna siku usingizi ulinichukua nusu, nikawa sijui kama nguo zinazoyumba ziko ukutani au ndani ya macho yangu. Joto lilikuwa la kipupwe, la kiasi. Mkono wake mzima ulikuwa juu ya wangu. Nasema wazi kwamba sikumbuki kipindi kingine cha ukubwani nilichokuwa na raha kama kile.

Mama alikuwa anaongea, ila ya ukutani tu. Mtu akianika mihogo kwenye mkeka, mkeka ule ulikaa juu karibu na dari, na mama alisema kahawa ya mwaka huu itakauka vizuri. Kuku mweupe akimfukuza mwenzake alicheka mpaka bega la kushoto likatikisika, lile ambalo halikuwa limetikisika tangu mwezi wa kwanza. Mimi nikimuuliza, "Mama, unajisikiaje?" alikuwa kimya. Nikimuuliza kuhusu nyumbani, kimya. Mlango wa kuingilia kwake ulikuwa mmoja tu, nami nilijifunza kutosukuma.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa adui yangu.

"Yule mzee wa kanzu," alisema asubuhi moja. "Ana adabu na maji."

Mzee Mwinshehe alikuwa anatawadha pembeni ya ua. Kule ukutani kanzu yake ilining'inia, na maji yalitoka kwenye kopo alilolishika yakapanda, yakaingia ardhini kule juu. Alikuwa anayapandisha maji bila haraka, kiganja, kiwiko, uso. Kisha alichuchumaa akawaambia kuku jambo fulani la muda mrefu. Sikuwa nimewahi kumtazama bila kuwa na la kumjibu. Nikaona aibu ndogo, nikaimeza.

Habari ya dirisha niliiacha kabisa. Wiki mbili, tatu, sikumtajia. Yeye ndiye aliyeanza kuhangaika.

"Felista, mbona kimya? Dirisha vipi?"

"Salama, mzee. Tundu zuri."

"Tundu zuri?" Aliniangalia kwa muda. "Mnacheka humo ndani. Nikipita uani nasikia. Watu wawili gizani, mchana kweupe, mnacheka."

"Tunacheka, ndiyo."

Akaondoka akitikisa kichwa, na nilifurahi sana kumwacha hivyo.

Mwisho wa mwezi wa nane miezi yangu sita ilitimia, na ikapitiliza. Nilimpigia Edgar. Simu zetu zile zilikuwa na umri wa kutosha. Tulianza kuzipiga mwezi wa pili, mama ana wiki tatu tu kwangu, Edgar aliponiambia kwamba huenda asiweze kumpokea kwa sababu kliniki iko Dar. Siku hii nilisimama mlangoni kwa mama, mguu mmoja ndani, mwingine koridoni. Nilikuwa nimezoea kumhesabu mama kama mtu asiyesikia.

"Zamu yangu imekwisha," nilisema. "Uje umchukue."

"Dada, huku hospitali ya maana iko mbali. Mama yuko mahali pazuri."

"Pazuri kwa nani? Nyie wanaume mna akili! Kumgeuza mimi, kumwogesha mimi, kila kidogo kidogo ni mimi. Wewe unasubiri kikubwa, msiba, uje na suti."

"Nilikaa naye miaka mitatu kabla hajaugua. Hiyo huihesabu?"

"Alikuwa anakupikia! Hiyo nayo ni kukaa naye?"

Tulimalizana vibaya. Nilipogeuka, picha ilikuwa imeiva ukutani, watoto wanaruka kamba kule juu, na mama alikuwa amefumba macho. Siku ile alikunywa vijiko vitatu. Kesho yake vitatu. Nilidhani ni tumbo.

Ijumaa nilikwenda sokoni Rangi Tatu kununua zipu na vifungo. Niliporudi, kabla sijafika mlangoni kwa mama niliona mwanga chini ya mlango, mstari mweupe juu ya saruji ya koridoni. Nikausukuma mlango. Chumba kizima kilikuwa kimejaa jua. Kitanda, kikombe, kalenda ya parokia, vumbi lililokuwa likielea hewani, vyote vilionekana kama vilivyo. Ukuta ulikuwa ukuta, rangi yake imebabuka pale na pale. Dirisha lilikuwa jipya, la mbao ya mninga, limefunguka wazi, na katikati yake alikuwa Mzee Mwinshehe amesimama uani juu ya ngazi yake, bisibisi mkononi, anakaza bawaba ya juu. Ya chini alikuwa ameshaikaza.

Mama alikuwa amelala anatazama mahali palipokuwa na ziwa.

"Nani kakutuma?" nilimwambia mzee. Sikumbuki kama nilimwamkia.

"Nani anitume? Kwangu hapa."

"Miezi mitano nakuomba hutaki! Leo nimetoka saa moja tu, umekuja kuharibu!"

"Kuharibu?" Aliitazama mbao ile nzuri, kisha mimi. "Felista, mwanangu, nimebisha hodi mara tatu, nikaogopa kuingia kwa mgonjwa nikaamua kufanyia nje. Nimemtafuta Kasimiri wiki nzima mpaka akanichongea. Bawaba zote mbili nimefunga mie, ya juu na ya chini. Sasa kosa langu lipi?"

"Lile tundu lilikuwa langu!"

"Tundu? Unanidai tundu?"

"Liko usawa wa mkono! Kwa sheria yako mwenyewe, ni langu!"

"Basi na dirisha ni langu, maana nimepanda ngazi!"

Yeye nje, mimi ndani, tukaanza upya. Safari hii kila mmoja alikuwa anavutia kwake, lakini sauti zilikuwa zilezile na maneno yalipita njia ileile. Nilikuwa nalia, na kulia kunanipandisha sauti.

"Felicitas."

Hakuna anayeniita hivyo Dar. Niligeukia kitandani. Mzee Mwinshehe, ambaye alikuwa ameisikia sauti ile ikicheka tu, aliiachia bisibisi ikaanguka mchangani.

"Pole na kazi, baba," mama alimwambia, bila kumwona, kwa sababu alikuwa juu ya kichwa chake. "Nilikuona unakuja. Ulikuja na ngazi, ukawa mkubwa, ukajaa ukuta wote. Nikajua leo ndiyo mwisho."

"Ahsante, mama," alisema mzee. Hakuelewa, lakini aliteremka kipandio kimoja ili asisimame juu yake.

"Dirisha hili mmelizozania hapa juu yangu tangu masika," mama aliendelea. Alikuwa anaongea na mimi sasa. Maneno yalitoka moja moja, na kila moja alilipumzikia. "La nani, la nani. Na jioni unashika simu, wewe na Edgar. Wa nani, wa nani. Ulimi ninao. Masikio pia ninayo, mwanangu. Nikasema nikae kimya, nisiwe na kelele, labda nitakuwa mwepesi kubebwa."

Nilisogea karibu na kitanda.

"Leo dirisha limepata mtu," alisema. "Mimi bado."

Mzee Mwinshehe alichukua ngazi yake akaondoka uani polepole, bila kugusa bisibisi. Mimi nilipiga magoti pale kitandani nikauweka uso wangu kwenye mkono wake uliolala, ule usiosikia kitu, kwa sababu sikustahili ule mwingine. Nililia kwa sauti kama mtoto. Nilimwomba msamaha, nikarudia, nikaona kwamba kusamehewa kwa maneno ni rahisi mno, na yeye hakuwa anasubiri maneno. Alikuwa ananitazama. Katika mwanga ule niliona macho yake vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi, yamechoka, yako macho kabisa.

Nikatoa simu nikampigia Edgar palepale, nikaiweka spika, nikailaza juu ya shuka kati yetu.

"Dada, kama ni habari ya zamu," alisema kabla hata ya salamu, "nimeshakwambia mwezi huu siwezi."

"Hakuna zamu," nilisema. "Mama ni wangu. Anakaa kwangu. Sikupigii uje kumchukua, na sitakupigia tena kwa hilo."

"Unasemaje?"

"Nasema usije kumchukua. Yuko hapa, anakusikia."

"Edgar," mama alisema.

Kisha kule Mbinga mdogo wangu, mwanaume mwenye watoto wanne, akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuja hata kama si zamu yake.